Kutembea kwa Miguu hadi Fukwe za Mtwara: Anza na Maji, Ndipo Upange Njia

Mtwara ina bahati ambayo miji mingi ya pwani imeshaipoteza: ukitoka katikati ya mji, haichukui muda mrefu kufika kwenye mchanga usio na uzio wa hoteli. Hata hivyo wengi wetu tunaoishi hapa, hasa waliokuja kikazi kutoka Masasi, Newala, Tandahimba au mikoa ya bara, tunaijua bahari kwa kuitazama tu, tukiwa tumekaa Shangani Jumapili jioni. Mwongozo huu ni wa anayetaka kwenda mbele ya hapo: atembee, aogelee, ale alichobeba, arudi nyumbani mzima.

Naanza na jambo ambalo wageni wa pwani hulifikiria mwisho, nalo ni maji. Saa ya kuondoka, njia, mahali pa kuogelea, hata viatu, vyote vinafuata maji ya siku hiyo. Ufukwe uliokuwa mpana wa kuchezea mpira saa nne asubuhi, saa kumi alasiri unaweza usiwepo kabisa, mawimbi yanagonga mizizi ya mikadi.

Hatua ya kwanza: ujue maji ya siku utakayokwenda

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kipindi kinachozidi siku moja kidogo, ndiyo maana saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na yanakauka sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Kwenye pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Maji mafu ni kinyume: karibu saa nne yamejaa, karibu saa kumi yametoka. Ukilishika hilo, kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani inatosha kukupa makadirio. Bamvua huangukia tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 au 9 na 22 au 23. Kutoka hapo hesabu dakika 50 kwa kila siku. Kama tarehe 16 maji yalikauka saa nne, tarehe 19 tarajia karibu saa sita na nusu mchana.

Hayo ni makadirio, si ratiba. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari hutoa jedwali la kupwa na kujaa, na zipo programu za simu zinazoonyesha saa na kina. Lakini hata ukiwa na vyote, siku moja kabla pita Feri, penye soko la samaki, umuulize mvuvi mtu mzima:

"Shikamoo mzee. Kesho maji yanatoka saa ngapi?"

"Marahaba. Kesho saa tatu yanatoka vizuri, saa nne makavu. Mchana yanarudi."

Kisha muulize upepo. Jedwali halijui upepo, na mzee huyo alikuwa majini asubuhi hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, na hili ndilo linalowaponza watu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanapoanza kurudi, saa ya kwanza hata hutaona badiliko kubwa. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi, karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Mtu aliyetembea hadi kwenye fungu la mchanga wakati wa bamvua, akaona maji yametulia, akaketi kupiga picha, atashtuka kuona mkondo umepita nyuma yake. Mkono wa maji ulio kati ya fungu na nchi kavu hujaa kwanza, fungu lenyewe bado likiwa kavu. Kama umekwenda kwenye fungu au kwenye mwamba, geuka maji yakiwa bado yanatoka. Usisubiri yaanze kurudi.

Kutokana na hayo, siku ya bamvua inajipanga hivi. Ondoka saa moja asubuhi, utembee kwenye mchanga mgumu uliolowa maji yakiwa yanatoka. Ikifika saa nne uwe mahali pa mbali zaidi pa safari yako. Pumzika kivulini jua likiwa kali. Kati ya saa saba na saa tisa, maji yakiwa yanaingia na yameshafunika miamba, ogelea. Halafu urudi kwa njia ya juu, kwa sababu ile ya asubuhi itakuwa imefunikwa.

Njia ya juu ndiyo msingi wa mwongozo huu. Kila ufukwe wa kutembea una njia mbili: ya chini, mchangani, na ya juu, ile ya wanakijiji inayopita nyuma ya mikadi na minazi. Usianze matembezi ya njia ya chini kama hujaambiwa njia ya juu iko wapi. Sehemu zenye majabali ya matumbawe yaliyochongoka ukutani mwa pwani huwezi kupanda kutoka chini hata ukitaka, na hapo ndipo mtu hukatiwa na maji.

Kama nia yako kubwa ni kuogelea na watoto, chagua maji mafu. Asubuhi maji yamejaa, mkondo ni mdogo, na saa sita mnakuwa mmesharudi nyumbani.

Hatua ya pili: msimu na upepo

Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni kavu na kusi inavuma kutoka kusini-mashariki. Kutembea ni raha, lakini pwani inayotazama bahari kuu, kama Msimbati, hupigwa na mawimbi. Fukwe zinazotazama kaskazini, kama Shangani, hukingwa zaidi na upepo huo. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inageuza mambo, na joto lake linachosha. Kwangu mimi miezi bora ni Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, upepo ukiwa unabadilika na maji yakiwa meupe. Kati ya Julai na Oktoba, ukiwa mahali palipoinuka, angalia mbali: nyangumi hupita pwani hii, na pumzi yao huonekana kama moshi mweupe juu ya maji.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa zichukulie kwa uzito. Kimbunga Kenneth kilipita jirani yetu Aprili 2019 na Kimbunga Hidaya kikaipiga pwani ya kusini Mei 2024, vyote mwishoni mwa msimu wa mvua, wakati watu wanadhani mabaya yameisha. Tangazo likitoka, ahirisha.

Hatua ya tatu: vya kubeba

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Usitegemee madafu ya njiani, kwani mkwezi anaweza kuwa ameenda baharini au shambani.

Viatu ni jambo la kufikiria. Kandambili zinachomoka mguuni kwenye tope la mikoko na kukatika kwenye mawe. Raba kuukuu zinafaa kuliko mpya. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinatosha mchangani na kwenye maji ya magoti. Katambuga bado hazijapata mpinzani kwenye matumbawe, mradi zikubane vizuri.

Beba pia kofia pana, shati la mikono mirefu, kanga mbili (moja ya kujifunga, nyingine ya kukalia), tochi, filimbi, chupa ndogo ya siki, bandeji, pakiti za ORS, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Kitambulisho usikiache nyumbani. Huu ni mkoa wa mpakani, na kuulizwa wewe ni nani na unakwenda wapi ni jambo la kawaida, hasa unavyoelekea upande wa Msimbati. Jibu kwa upole, onyesha kitambulisho, safari inaendelea.

Na beba dumu. Dumu tupu la lita 5, kifuniko kimefungwa barabara, na kamba ya mita 10 imefungwa mkononi mwake. Ni boya la kumrushia mtu aliyeshindwa, ni la bure, na kila nyumba inalo. Anayezama hushika chochote na yeyote aliye karibu. Ukimwendea mikono mitupu unaweza kuzama naye.

Hatua ya nne: hodi na adabu

Fukwe hizi ni kazini kwa watu. Panapoonekana patupu, kuna nyavu zinazoanikwa, mitumbwi inayotiwa kalafati, na kina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza maji yakikauka. Ukifika kijijini anza kwa mwenyekiti wa kijiji, au kwa wale wa BMU, kikundi cha wenyeji wanaosimamia pwani. Sema umetoka wapi, unaelekea wapi, na utarudi saa ngapi. Hapo unakuwa na watu wanaojua kwamba hujarudi, nao ndio watakaotoka kukutafuta.

Salamu itangulie. "Shikamoo" kwa wakubwa, "salaam aleikum" ukipita penye baraza. Picha za watu uombe kwanza. Picha za bandari, mitambo ya gesi na vituo vya ulinzi usipige kabisa.

Mavazi ya kuogelea ni ya majini. Ukitoka kwenye maji jifunge kanga au kikoi kabla hujaingia njia ya kijijini, mwanamke kwa mwanamume. Wakati wa Ramadhani kula na kunywa kwako kufanyie mbali na macho ya waliofunga, na Ijumaa mchana usitarajie kumpata mwenyeji wa kukuongoza hadi watu watoke msikitini.

Vijiji vingine hufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usiukanyage. Pweza wote wa mlo wa kesho wa watu hawa wamo humo.

Hatua ya tano: porini

Njia za juu hupita kwenye mikorosho, vichaka vya pwani na viunga vya mikoko. Wanyama wakubwa si shida ya njia hizi za karibu na mji. Shida ni vitu vidogo.

Upupu ndio wa kwanza. Baada ya mvua kuisha, maganda yake hukauka na manyoya yake hupeperuka kwa upepo, kwa hiyo kati ya Juni na Septemba usijipenyeze kichakani kutafuta njia ya mkato. Ukikupata, usijikune na usipake maji mara moja. Vua nguo kwa uangalifu, futa manyoya kwa kitu kinachonata au mchanga mkavu unaomwagwa bila kusugua, ndipo uoge. Mnyaa unaopandwa kuzungushia makaburi na nyua una utomvu mweupe unaounguza macho vibaya. Usiuvunje, na mtoto asiuchezee.

Kwenye mikorosho kuna mambo mawili. Kati ya Juni na Septemba wakulima hupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, mara nyingi alfajiri majani yakiwa na umande. Ukiona wingu la njano au ukisikia mashine, zunguka au subiri, maana salfa inawasha macho na kifua. Halafu kuanzia Oktoba korosho zinaanguka, na mgeni anayekatiza shambani kwa mtu wakati huo anatiliwa shaka, kwa haki kabisa. Pita kwenye njia tu. Bibo lililoanguka liombe kwanza, mara nyingi utapewa na mengine.

Nyoka wapo. Tembea na fimbo, kanyaga kwa kishindo, usitie mkono mahali usipopaona. Na unapotafuta kivuli cha kulala, usichague mnazi wenye nazi. Mwembe, mkwaju au mvinje havidondoshi kitu cha kukuvunja kichwa.

Hatua ya sita: kuingia majini

Kabla hujalowa, simama dakika 10 uyatazame maji. Kitu kinachoelea kinakwenda wapi? Mawimbi yanavunjika kila mahali, isipokuwa sehemu moja iliyotulia na yenye rangi tofauti? Hiyo sehemu tulivu ndiyo ya kuogopa, kwani mara nyingi ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu. Ukibebwa na mkondo wa aina hiyo, usipigane nao kuelekea ufukweni. Ogelea kwa ubavu, sambamba na pwani, hadi uutoke, ndipo urudi. Kama huna nguvu, lala chali uelee na uinue mkono.

Asiyejua kuogelea aishie kiunoni, na awe na mtu anayejua upande wa bahari. Asione haya. Mtu aliyekulia uwanda wa juu wa Makonde au Nachingwea hakuwa na mahali pa kujifunzia, na bahari ya maji mafu pale Shangani ni shule nzuri ukiwa na mwalimu. Watoto wawekwe chini ya jicho la mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, bila simu mkononi. Pombe na kuogelea visikutane siku moja.

Buruta miguu mchangani unapoingia, usiinyanyue. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala chini ya mchanga, na ukimgusa ubavuni hukimbia, ukimkanyaga mgongoni anachoma. Kwenye mawe usikanyage pasipoonekana: wamo viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya ngozi, na samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe lenyewe. Kombe zuri la umbo la pia usiliokote. Aliye hai ndani yake anachoma kwa sumu inayoweza kuua.

Likitokea la kutokea

Mtu akichomwa na taa, samaki wa jiwe au miiba, chovya kidonda kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Moto huvunja nguvu ya sumu na maumivu hupungua. Kwa sababu hiyo chupa ya chai ya maji moto ndani ya mkoba ina kazi mbili. Akiunguzwa na konyeza, kile kiumbe laini kinachoelea majini na kuwasha, osha kwa maji ya bahari, si ya kunywa, na usisugue kwa mchanga. Hapo siki inasaidia.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembee, kiungo kisifungwe kamba wala kuchanjwa, apelekwe hospitali haraka. Kwa mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Aliyetolewa majini hapumui, mlaze chali na umpulizie pumzi mdomoni mara 5, kisha anza kumkandamiza kifua, mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha hadi msaada ufike. Usipoteze muda kumning'iniza kichwa chini.

Njia zenyewe, kuanzia rahisi

*Shangani.* Anzia hapa hata kama unaishi hapo hapo. Maji yakitoka, tembea kandokando ya ufukwe kuelekea magharibi, mchanga ukibadilishana na majabali, hadi uchoke nusu ya nguvu zako, kisha ugeuke. Lengo ni kujifunza kuyaona maji yakifanya yale uliyoyahesabu kwenye kalenda. Ogelea mbele ya ufukwe wa mchanga, maji yakiwa yanajaa. Usiogelee upande wa mlango wa bandari. Bandari ya Mtwara ina kina cha asili kinachopokea meli kubwa za korosho na makaa ya mawe, na maji yote ya ghuba hutoka na kuingia kupitia mlango huo.

*Mikindani.* Daladala za Mikindani ni nyingi, mwendo ni kama kilomita 10. Shuka penye mji wa zamani. Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 liko mlimani kidogo, na nyuma yake njia inapanda kilima chenye mibuyu. Kutoka juu unaiona ghuba yote, mikoko, ngalawa, na mlango mwembamba wa bahari. Ndiyo ghuba aliyofikia David Livingstone 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Mikindani ni kwa kutembea zaidi kuliko kuogelea. Maji yakitoka ghuba ni tope, na njia kati ya mikoko inateleza. Kama lazima uoge, iwe maji yamejaa, na uulize wenyeji wanakoogelea watoto wao. Jioni mbu wa mikoko ni wakali, ondoka kabla ya magharibi.

*Msangamkuu.* Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ningempeleka mgeni. Unavuka mlango wa bandari kwa kivuko cha serikali cha TEMESA au boti za wenyeji. Ukipanda boti, omba jaketi la kujiokolea na ulivae, na boti ikijaa kupita kiasi subiri inayofuata. Kabla hujaacha gati ulizia safari ya mwisho ya kurudi.

Ukishuka, pita kijijini kwa hodi kama nilivyosema, kisha shika pwani ya nje, inayotazama bahari kuu. Mchanga ni mweupe na mpana maji yakitoka, minazi upande mmoja, mwamba umejianika upande mwingine, na kwa mbali mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjika. Hapa utakutana na kina mama wa pweza wakiwa na vijiti vyao vya chuma, macho yamezama kwenye mashimo. Ukisalimia vizuri na ukakaa pembeni, utajifunza kusoma mwamba kwa namna ambayo hakuna kitabu kitakufundisha: lipi shimo lililofagiliwa, yapi maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni.

Tembea hadi saa nne, si zaidi. Tafuta njia ya juu mapema, umuulize mtu, uione kwa macho inakoingilia, ndipo ukae kivulini. Ogelea kwenye vidimbwi vikubwa kati ya ufukwe na mwamba maji yanapoanza kuvijaza. Hapo mawimbi yamevunjwa tayari. Usitoke nje ya mwamba. Na unaporudi kivukoni, hata ukiwa na joto, usijitose kwenye mlango wa bandari. Mvuvi mwenye makasia mawili hupata tabu pale maji ya bamvua yakitoka.

*Kitunda, kwa walio Lindi.* Kutoka Lindi mjini vuka kwa kivuko hadi Kitunda, utembee pwani ya ng'ambo ukiwa na vilima mgongoni. Ghuba hiyo inapokea mto Lukuledi. Kipindi cha mvua maji huwa ya kahawia na kuleta magogo, kwa hiyo kuogelea kuwe kiangazi.

*Msimbati na Ruvula.* Hii si ya kwanza kwa mtu. Msimbati iko takriban kilomita 40 kutoka mjini kwa njia ya Madimba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Kuna kiingilio, na raia halipi sawa na mgeni kutoka nje. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Gesi iligunduliwa eneo hili 1982, kwa hiyo utapita karibu na mitambo. Pita, usisimame.

Kutoka kijijini Msimbati hadi Ruvula ni kama kilomita 7, mchangani maji yakitoka, au kwa njia ya gari ya mchanga upande wa juu. Mivinje inakupa kivuli sehemu kubwa. Anza mapema kiasi kwamba ufike Ruvula kabla maji hayajaanza kurudi. Maji ya Ruvula ni maangavu na matumbawe yako karibu, lakini kina hushuka ghafla hatua chache kutoka ufukweni, na mkondo wa ghuba hupita hapo hapo. Ogelea maji yakiwa yametulia juu au chini kabisa, mkae wawili wawili, dumu likiwa na aliyebaki nchi kavu. Matumbawe usiyakanyage, makombe usiyabebe. Ukiona alama pana za kuburuta kutoka majini kwenda juu ya mchanga, ni kasa aliyepanda kutaga: zunguka mbali, na usiku usiwashe tochi upande huo.

Usiendelee kusini kuelekea maingilio ya Ruvuma bila mwenyeji na bila kuwaarifu viongozi. Ni mpaka wa nchi, na mto wenyewe una mamba na viboko.

Magari ya abiria ya Msimbati ni machache na hurudi mjini kwa saa za wafanyabiashara wa samaki, si za mtembezi. Elewana na dereva asubuhi ile ile mnaposhuka, chukua namba yake, na uwe kijijini saa moja kabla. Kama utatumia bodaboda, mpange akusubiri Msimbati, si Ruvula, maana mchanga wa njia ile humaliza mafuta na kuangusha pikipiki, na mwezi Juni jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache tu.